Kijiji Kilichochorwa na Mvua ya Mawe

Walisema sitaweza. Mjomba wangu alisema mtoto aliyezoea kufuata mikia ya ng'ombe huko milimani Nyanungu hawezi kukaa darasani na hesabu za pembe. Mwalimu wa misheni, yule yule aliyenifundisha kusoma, alisema nitarudi kutoka Kampala kabla viatu havijachanika. Nilirudi na stashahada ya upimaji, na viatu vipya juu yake. Nasema haya bila kuona haya, maana hakuna aliyenibeba mgongoni.

Siku ya kwanza kazini, pale Bomani mjini Tarime, nilivaa tai. Karani Mkuu alinitazama juu hadi chini akauliza kama nimekuja kupima ardhi au kuioa. Kisha akanikabidhi mnyororo. Ninyi vijana mnajua mnyororo wa mbwa. Wetu ulikuwa wa kupimia, wa chuma, wenye pingili mia. Watu wawili waliuvuta, wa tatu akiangalia usilegee. Ukilegea kidogo tu, umbali unakosewa, na majirani wawili wanapigana mapanga kwa kosa lako.

Kutoka Bomani nilipelekwa Serengeti, upande wa Ikoma, kusimika bikoni, zile nguzo fupi za zege zinazoonyesha kona za mpaka. Nyati walijikuna kwazo mpaka zikalala, nasi tukazisimika tena. Kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko walionitangulia. Ndipo Bwana Mpimaji wa Jimbo, Mwingereza aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akanipa kikosi changu mwenyewe. Katika ofisi ile hakuna Mwafrika aliyepata hilo kabla yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa barabara ya kupanda milima ya kwetu, Nyanungu. Mstari uliochorwa ofisini ulipita juu ya kilima chenye kuta za kale. Nilizijua tangu utoto. Mawe yamepangwa juu ya mawe, bila udongo wala saruji, hadi kupita kimo cha mtu, na jani la mtama halipenyi katikati yake. Aliyezijenga hajulikani. Wazee wetu walisema walizikuta, na baba zao pia walizikuta. Tulipokuwa tukichunga, ng'ombe wakiingia mle tulinyamaza bila kuambiwa na mtu.

Agizo lilisema kuta zibomolewe, mawe yapondwe kuwa kokoto. Nilimweleza Bwana Mpimaji kwamba yale yalikuwa makazi ya watu.

"Nionyeshe nyumba," akasema. "Siwezi kuhamisha barabara kwa ajili ya zizi la mbuzi."

Alikuwa anakwenda Musoma. Akirudi, kama sina nyumba ya kumwonyesha, mimi mwenyewe ningeongoza ubomoaji. Nami ndani ya kuta zile sikuwa na kitu ila majani.

Jioni kabla ya siku aliyotarajiwa ikapiga mvua ya mawe. Huku juu baridi si mchezo, lakini ile sijaiona tena. Kulipokucha kilima chote kilikuwa cheupe, na pumzi zetu zilitoka kama moshi. Nilipanda na nyapara wangu, Mzee Chacha, pamoja na wabeba fito, zile nguzo za rangi nyekundu na nyeupe tunazolenga kwa darubini. Kuta za kijivu zilisimama katikati ya weupe ule, kubwa kuliko nilivyozikumbuka.

Jua likagusa kilima, barafu ikaanza kuyeyuka, lakini haikuyeyuka sawasawa. Ilibaki katika mistari. Mistari ikapinda ikawa duara, kisha duara la pili, kisha kilima kizima kikajaa maduara, na kila duara lilikuwa na uwazi upande mmoja, mahali pa mlango. Misingi iliyofichwa chini ya majani ilikuwa imeshika baridi. Mbele yetu palikuwa na kijiji kizima, zizi katikati, na njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba.

Mzee Chacha akavua kofia. "Mura," akaniambia kwa sauti ya chini, kama wazee wa kwetu wamwitavyo kijana, "wenyewe wamerudi."

"Kama wamerudi, mzee, wataondoka jua likipanda. Shika fito."

Niliweka meza ya ramani, ubao wenye miguu mitatu ambao mpimaji huchorea papo hapo anapotazama. Vidole viliganda, penseli ikawa kama ya mtu mwingine. Wabeba fito walikimbia mlango hadi mlango, na kila mmoja alizunguka nje ya duara asikanyage sakafu ya watu. Nilipofunga duara la mwisho, barafu ilikuwa tope.

Bwana Mpimaji alifika mchana, jua kali, kilima kijani kitupu. Akatazama mchoro, akatazama majani.

"Nani amekuambia hapa pana nyumba?"

Chacha akaniwahi. "Mvua ya mawe, Bwana."

Bwana Mpimaji akatazama kuta, akatazama mbingu, akarudi kwenye kuta. "Mawe haya yote yalinyesha?"

Wabeba fito wakageuza nyuso. Mimi sikuthubutu kucheka. Nilisoma pembe na umbali kwenye mchoro wangu, nikapima hadi katikati ya duara moja, nikasimama penye majani kama majani mengine. Nikasema chimbeni hapa, taratibu.

Jembe likagonga jiwe. Yalikuwa matatu, yametazamana, meusi kwa masizi. Mafiga.

"Basi," Chacha akasema, akashika mpini. "Mafiga ya mama wa watu hayang'olewi yeye akiwa hayupo."

Bwana Mpimaji akapiga magoti. Akagusa jiwe, kidole kikatoka cheusi, akakitazama muda mrefu. Aliniuliza ni ya zamani kiasi gani. Nikamjibu kwamba hakuna ajuaye.

"Lakini hapa palipikwa."

"Ndiyo, Bwana. Palipikwa."

Akaomba penseli yangu, akaupinda mstari wa barabara.

Nilistaafu nikiwa Mpimaji Mwandamizi, na wanafunzi wangu wako kila wilaya. Madereva huilaani kona ile, wakiuliza ni mjinga gani aliyeichora. Huwaambia ni mimi, mwenye stashahada, kisha naomba gari lisimame. Nashuka, nakwenda hadi ukutani, napiga hodi. Hakuna anayejibu, nami siingii.