Vampaya Aliyesema Kiha

Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, na sikumbuki masika hata moja yaliyopita bila yeye kulazwa. Baridi ya mvua ikishaingia, mifupa ilianza kumuuma, macho yakawa ya manjano, na mimi nikatoka kutafuta bajaji ya kututoa Buzebazeba kwenda hospitali. Wazazi wetu walikuwa wametangulia zamani. Tulibaki mimi na yeye, na shangazi yetu aliyekuwa akianika dagaa kule Bangwe.

Safari moja alikaa wodini muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa kijana mkubwa sasa, fundi simu, na katika simu yake mwenyewe, ambayo kioo chake kilipasuka na hakukitengeneza, alikuwa amejaza katuni ya Kijapani ya mapigano. Ilikuwa habari ya dada mmoja mshona viatu aliyewinda wanyonya damu kwa panga refu, katika mji wa bandari. Msaidizi wake alikuwa vampaya mzee aliyekwisha kung'oka meno. Mzee yule alivaa meno ya bandia, na kila pambano lilipopamba moto meno yalimchomoka, ikabidi watu waache kuuana kwanza ayatafute sakafuni.

Kitanda cha pili alilala mkulima wa michikichi, mzee aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi akavunjika nyonga. Alasiri moja alimuuliza mdogo wangu anacheka nini peke yake. Mdogo wangu akamgeuzia simu, lakini maneno yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo akaanza kumtafsiria. Yule dada wa panga alimpa Kiswahili cha haraka cha vijana wa mjini. Vampaya wabaya aliwasemesha kama mabosi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine. Vampaya mzee alisema Kiha, lugha ya wazee wetu. Jua likizama anaamka, anajinyoosha, anamsalimia anayetaka kumng'ata, "Mwakeye," salamu ya asubuhi kabisa, kwa sababu kwake ndiyo kumekucha.

Mkulima wa michikichi alicheka huku ameshika nyonga yake, machozi yanamtoka kwa maumivu. Baada ya hapo wodi nzima ikawa inasubiri alasiri. Waliokuwa wanaweza kutembea walisogea na dripu zao. Siku aliyokufa mgonjwa wa kitanda cha pembeni, mdogo wangu alizima simu na hakuigusa. Kesho yake hakuna aliyemwambia kitu mpaka mkulima aliposema kwa sauti ndogo kwamba marehemu naye alikuwa akiipenda, basi aendelee.

Shangazi alitukuta hivyo, amebeba chupa ya uji. Alisimama mlangoni akasikiliza watu wazima wakichekea damu. Aliniita nje, akanieleza kwamba yeye alikua akitishwa na mumiani. Watoto wa pwani ile ya ziwa walikatazwa kuzubaa ufukweni jioni, kwamba wapo watu wanaokamata watu na kuwanyonya damu wakatengenezee dawa. Hakuona cha kuchekesha. Aliona kama mdogo wangu anakiita kitu kile kwa jina.

Wiki hiyo damu ya mdogo wangu ilishuka sana. Daktari alisema ya kundi lake haikuwepo, ndugu watafutwe. Yangu ilikuwa kundi jingine. Binamu wawili waliahidi wakazima simu. Shangazi alikuwa na kundi lilelile. Alikuwa amelijua tangu alipojifungua, na hakulisema. Mimi sikumwomba. Tulikaa kwenye benchi la nje, yeye akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Wakinitoa damu mimi, atapona?" aliniuliza.

"Atapata nafuu, shangazi."

"Sikuuliza nafuu."

Alinyanyuka akaenda maabara mwenyewe. Aligeuza uso ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, na muuguzi aliniambia alikuwa akisoma Ayatul Kursiy bila kupumzika.

Damu ilipoisha kuingia, mdogo wangu alipata rangi. Alimwambia shangazi kwamba amemnyonya damu, kwa hiyo sasa yeye ndiye vampaya wake, amtunze. Shangazi aliinua mkono kama anayetaka kumpiga, kisha akajifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alasiri ile alivuta kigoda akakaa na wengine, akauliza kwa nini yule mzee hafungi meno yake kwa kamba.

Mdogo wangu aliruhusiwa, akarudi kwenye meza yake ya ufundi. Masika yaliyofuata kifua kilimbana ghafla. Shangazi alikuja moja kwa moja maabara, mkono wa gauni ameshaupandisha. Walimpima wakamwambia damu yake yeye mwenyewe ni pungufu, hawawezi kumtoa. Alibishana nao. Aliwaambia ana nguvu, anabeba magunia ya dagaa kila siku. Walimsikiliza kwa adabu na hawakumtoa. Vijana wa msikitini Rusimbi walikuja wakachangia, na chupa ikatundikwa, lakini ilikuwa haijafika nusu mdogo wangu alipoacha kupumua. Ilikuwa asubuhi, wafagiaji wakiwa kazini, na mmoja alisimama na ufagio wake mpaka shuka lilipovutwa.

Tulimzika siku hiyohiyo, udongo ukiwa umelowa. Baadaye nilijaribu kuitazama ile katuni. Ukisoma maneno yale ya chini jinsi yalivyoandikwa, vampaya mzee si mcheshi sana. Ana majonzi, anazungumza habari ya wanawe aliowazika wote. Mdogo wangu hakututafsiria hilo. Sikuendelea.

Shangazi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapembua mchele, kwamba damu yake haikumtosha yule mtoto. Nilimwambia mambo hayaendi hivyo. Aliendelea kupembua.

Arobaini ilipopita alihamia kwangu na godoro lake. Alfajiri anashuka Bangwe, mimi naenda kazini, na anayetangulia kurudi ndiye anayewasha jiko.