Mbwa Aliyeonja Damu

Nimeishi na watu wanaojua kila kitu kuhusu mbwa. Hawajawahi kumgusa mbwa, hawajakaa wakamtazama akila, lakini muulize yeyote kati yao naye atakuambia bila kusita: mbwa akishaonja damu, basi, kesho ni mtoto wako. Walisema hivyo Mbumbuni nilipoolewa, miaka ya sabini mwanzoni, na wajukuu wao wanasema hivyo mpaka leo. Upuuzi huo haujazeeka hata kidogo.

Mimi ni wa Tseikuru. Kwetu mbuzi ni wengi kuliko watu, na mbwa ni mfanyakazi wa boma kama mfanyakazi mwingine yeyote. Niliolewa nikaja na mbwa jike mwembamba, mwekundu, masikio wima. Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. Wenzangu walikuja na vyungu na vikapu vya kusuka, vyondo, mimi nimekuja na mbwa! Nikamwacha acheke. Huyo mbwa, kule kwetu, mchana alikuwa akikimbiza sungura na digidigi vichakani, na jioni watoto wa kaka yangu wanamlalia tumboni wakimvuta masikio. Kwetu hakuna aliyeona ajabu.

Hebu niseme jambo ambalo mtoto yeyote mchunga mbuzi wa kwetu analijua. Mbwa anayewinda hana hasira. Mtazame: yuko kimya, masikio mbele, macho yanang'aa, mwili mwepesi. Kitu kikikimbia anakifuata, kwa sababu kimekimbia. Akikishika amemaliza, anakuletea huku anatikisa mkia, anataka umwambie asante. Mbwa mwenye hasira ni habari nyingine. Huyo hukakamaa. Nywele za mgongo zinasimama, midomo inapanda, anaunguruma kutoka tumboni, wala hana haja ya kukufuata. Anachotaka ni uondoke, na usipoondoka atakuuma. Sisemi yule wa kwanza ni malaika. Mwachie vifaranga uone, utabaki na manyoya. Lakini nikiambiwa nichague wa kulala mlangoni pa mtoto wangu, sihitaji kikao.

Wao walihitaji kikao.

Boma la jirani lilikuwa la baba mdogo wa mume wangu. Mzee wa kanisa, sauti kubwa, suti ya kijivu ya Jumapili, na mbwa mweusi ambaye alimsifu kuliko alivyowasifu wanawe. Mbwa huyo alikuwa amelishwa nyigu waliochomwa, wamesagwa kwenye ugali wa pilipili, tangu akiwa mdogo, ati ndiyo awe mkali. Kutwa alikuwa amefungwa mnyororo kwenye kibanda cha mabati. Ukilishwa nyigu na kufungiwa kwenye mabati kwa jua lile, hata wewe mshirika wa kanisa ungeng'ata mtu! Kuku walipita mbele ya pua yake wakidonoadonoa, naye hakuwaangalia. "Mnaona adabu?" mzee alikuwa akiwaambia wageni. "Hata kuku hagusi." Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na fimbo ndefu yenye panda, na kwa nini mke wa mzee alisukuma sufuria ya mbwa kwa fimbo hiyo, amesimama mbali kama anayechokora moto.

Sasa, Jumamosi moja wale wa boma la mzee walikuwa wanatayarisha chakula cha mchungaji, aliyekuwa aje kesho yake baada ya ibada. Walikuwa wamemfunga kuku mguu, kuku mweupe, mnono, kuku wa mchungaji. Akakata uzi. Akatoka mbio akipiga mabawa, akavuka matuta, akaingia uani kwetu. Mimi nilikuwa napepeta mahindi. Niliinua kichwa kwa sababu ya kelele, na nilipokiinua hakukuwa na kelele tena. Mbwa wangu alikuja akamweka kuku miguuni pangu, akakaa, akanitazama. Masikini, alidhani tumefanya kazi nzuri.

Kuku alikufa, sikatai. Nilichukua kuku wangu mzima nikapeleka, nikaomba msamaha kama inavyotakiwa. Kuku alipokelewa. Msamaha haukupokelewa.

Mchana ule wakakaa. Mzee, ndugu zake, mama mkwe, mume wangu ambaye alikuwa amekuja kutoka kazini Makindu kula wikendi yake kwa amani.

"Mbwa huyo ameonja damu," mzee akasema. "Tumnyonge leo, kabla hajaingia kwa watoto."

"Baba," nikasema, macho chini kama mke wa boma, "amekimbiza kitu kilichokimbia. Nitamfunga gogo shingoni limgonge magoti, asiweze kukimbia. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Kwenu!" akasema. "Nyinyi wa Tseikuru mnalala na mbwa."

Wakacheka. Mume wangu pia alicheka kidogo, na sijasahau kicheko hicho.

Basi nikasimama. Niliingia jikoni, nikatoa mabaki ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, pamoja na mfupa, nikamwekea mbwa wangu mbele yao wote. Akaanza kuutafuna. "Baba," nikasema, "kama anataka watu, mnyang'anye mfupa." Mzee hakupenda, lakini macho yote yalikuwa kwake. Akainama, akaushika mfupa. Mbwa wangu akauachia. Akamtazama usoni, akatikisa mkia, akangoja arudishiwe.

"Sasa twende kwa wako," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Mke wa mzee aliangalia nyuma ya mlango wake, pale palipokaa fimbo. Mzee alikuwa bado ameushika mfupa, mate ya mbwa wangu yakimchuruzika mkononi, na nikaona wazi kwamba anajua. Alikuwa amejua siku zote.

"Mbwa wa kulinda boma hachezewi na chakula," akasema. "Na wangu hajaua kuku hata mmoja. Leteni kamba."

Kamba ilikuwa ya mbuzi wetu. Mume wangu ndiye aliyeitoa, akaipitisha bila kuniangalia. Walimvuta hadi kwenye mti wa mpakani, naye akawafuata vizuri tu, kwa sababu hakuwahi kuwaogopa. Nililia kwa sauti, mbele ya wazee, na mama mkwe akaniambia nisiaibishe boma kwa ajili ya mbwa. Boma gani? Aibu ilikuwa inaning'inia mtini kila mtu akiiona!

Kisha, nisikilize vizuri, wakaniita nikanyonyoe kuku. Yule yule mweupe. Eti kutupa ni dhambi, na wangu niliyewapa ni wa kufuga. Tukamwosha, tukakata pale penye meno, tukampika kwa nyanya. Mchungaji alishukuru Mungu kwa muda mrefu, akala mapaja yote mawili, akasema nyama ni laini. Mzee hakusema neno juu ya damu, wala nani ameionja.

Miezi ilipita. Asubuhi moja, tukiwa katikati ya kupalilia, mke wa mzee alikuja uani kwangu, mkono umefungwa kitambaa kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Nikampa kiti. Hakuhitaji kunieleza ni nini, lakini alinieleza. Alikuwa anampa mbwa chakula.

"Baba amesema nini?" nikauliza.

"Amesema ni shetani. Halafu akasema labda aliiga kwa mbwa wako."

Mbwa wangu alikuwa ameoza zamani, na wale wawili hawakuwahi hata kunusana!

"Mwambie amnyonge," nikasema. "Huyu sasa ameonja damu, na ya mtu kweli."

"Hataki. Anasema hajaua kuku hata mmoja."

Nilikasirika. "Mama, mzee alimtoa wangu mfupa mdomoni mbele yenu."

Akautazama mkono wake. "Tuliona," akasema. "Sote tuliona."

Kisha akaniuliza kama sina fimbo ndefu ya kumwazima, ile yao imevunjika.