Ndiyo ya Mama Mgonjwa

Wanafunzi wa udaktari walimwita Mama Mgonjwa, ingawa hakuwa na ugonjwa wowote. Kazi yake ilikuwa kushona mashuka ya hospitali. Kila Alhamisi aliiacha cherehani yake, akapanda ghorofani kuigiza mgonjwa, ili vijana wajifunze kuzungumza na watu ambao maisha yao hawayajui.

Alhamisi ya mtihani aliigiza mgonjwa wa kifua. Kijana mmoja, koti lake jeupe limenyooka kwa pasi, alimweleza dawa harakaharaka.

"Kidonge kimoja baada ya kila mlo. Umeelewa, mama?" Alikuwa ameshasimama.

"Ndiyo, daktari."

Mwalimu aliyesimamia mtihani akaridhika. "Safi. Mama, weka alama hapo: mgonjwa ameelewa. Bila hiyo kijana hapiti."

Mama Mgonjwa akaishika kalamu, lakini mkono ukagoma. Mdogo wake aliwahi kuitikia ndiyo kama hiyo, humu humu hospitalini. Aliambiwa baada ya kila mlo, naye nyumbani kwake mlo ulikuwa mmoja tu, wa jioni. Akawa anameza kidonge kimoja kwa siku mpaka akazidiwa. Kwenye faili waliandika: mkaidi. Akafa mkaidi, kwa mujibu wa karatasi.

"Siweki," alisema.

"Si umesema ndiyo mwenyewe?" mwalimu akauliza.

"Nimesema kwa sababu kainuka. Mtu akishakuinukia utafanya nini? Utamvuta koti?"

Wanafunzi wakacheka. Yeye akamgeukia kijana.

"Mwanangu, mimi nakula mara ngapi kwa siku?"

Kijana akapekua karatasi zake. "Haijaandikwa, mama."

"Ungeuliza ungeiandika."

"Hayo hayamo kwenye igizo," mwalimu akamkatiza. "Ukiendelea hivi, Alhamisi ijayo tutatafuta mwingine."

"Mtafuteni. Waitikiaji wamejaa tele wodini. Wengine mmeshawazika."

Kicheko kikakatika. Pale palipotakiwa alama akaandika, kwa herufi kubwa: HAKUNIULIZA. Akaisukuma karatasi hadi kwa mwalimu.

Kijana alirudi kitini taratibu. "Basi mama, unakula mara ngapi?"

"Sasa hivi unaulizia alama zako," alimjibu akinyanyuka. "Nenda wodini ukamuulize asiye na kalamu."

Akashuka ngazi kurudi kwenye mashuka yake. Alhamisi iliyofuata hakuitwa.