Jeli Isiyokauka

Saa nne na dakika ishirini asubuhi umeme ulikatika mtaani kwetu Sakina. Bibi harusi alikuwa mbele yangu, jeli kwenye kucha zake bado mbichi.

Kwa miaka mingi nilibandika kucha za akriliki, yaani unga na dawa yenye harufu kali, ambavyo huganda vyenyewe hewani. Niliacha nilipoona kucha za wateja zimelainika kama karatasi iliyoloa. Nikajisomea, nikajaribu kwenye vidole vyangu, nikahamia jeli. Haihitaji kusugua kucha sana, lakini bila taa yake ya kukaushia haikauki. Wateja wengi walinikimbia. Kundi hili la sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, yaani bibi harusi, shangazi yake na wapambe wanne, lilikuwa limebeba kodi yangu ya chumba.

Nilikuwa nimemaliza kuloweka na kutoa akriliki yake ya zamani. Kucha zake halisi zilizobaki chini zilikuwa nyekundu. Hata maji ya uvuguvugu yalimshtua. Betri ya taa niliyoijaza usiku iliwaka kidogo, ikazima.

“Fundi, tunasubiri nini?” shangazi aliuliza.

“Umeme, mama.”

“Sendofu ni leo jioni, siyo umeme ukirudi!” Akawageukia wapambe. “Si niliwaambia? Mwanaume akianza kusomea kucha, mjue mnalala hapa.”

Wakacheka. Nikakimbia kwa fundi pikipiki wa jirani kuazima jenereta. Alikuwa amelipeleka msibani, eneo la Maji ya Chai.

Niliporudi shangazi alikuwa amesimama. “Dada wa ng'ambo ya barabara anabandika za unga. Yeye hana shida na umeme.”

Nikamwambia bibi harusi, “Zimekuwa nyembamba mno. Wakizisugua tena zitatoa damu.”

“Najua, baba,” alisema taratibu. “Lakini leo ukumbi mzima utanipa mkono. Niwape hizi?”

Nilimfuta jeli kwa pamba, kidole kimoja kimoja, nao wakavuka barabara. Nisingemgusa, akriliki ya zamani ingekuwa bado inazifunika. Nilimpeleka kwenye tupa ya kusugulia kucha nikiwa nimeshamvua kinga yake ya mwisho. Kutoka mlangoni kwangu nilimwona, ameuma mdomo, mkono wa yule dada wa ng'ambo ukienda na kurudi.

Nilimrudishia shangazi malipo yote waliyokuwa wamenitanguliza. Watu sita, elfu thelathini na tano kila mmoja: nilipoteza shilingi laki mbili na elfu kumi.