Mtoto Asiyeimbiwa

Watoto walimwita Mwalimu Keki, ingawa keki yake haikulika. Ilikuwa ya kadibodi iliyopakwa rangi ya waridi, na mishumaa yake ilikuwa penseli. Kihispania alikiokota ugenini akifua mashuka ya hoteli, na aliporudi hakuwa na kingine cha kuonyesha. Shule ya chekechea ikampa siku ya Ijumaa akifundishe.

Kila Ijumaa mtoto mmoja "alizaliwa". Alisimama juu ya kiti, wenzake wakamhesabia miaka kwa Kihispania, wakataja rangi za maputo, kisha wakamwimbia wimbo wa kumpongeza. Hata wenye haya walipata ulimi siku hiyo.

Mmoja tu hakupandishwa kitini. Bibi yake, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alisema mapema siku ya kumwandikisha.

"Mwalimu, wengine waimbie. Huyu mwache. Siku aliyozaliwa ndiyo siku niliyompoteza mama yake. Kwetu siku hiyo tunalia."

"Nimekusikia, mama," Mwalimu Keki alijibu.

Kusikia alisikia, lakini macho hayana pazia. Kila Ijumaa alimwona yule binti akiwapigia wenzake makofi mpaka viganja vikamwiva, kisha akija kumvuta sketi.

"Yangu lini, mwalimu?"

"Bado, mwanangu."

Bado gani hiyo isiyokwisha! Mwaka ulipokaribia kuisha, uzalendo ukamshinda. Akachagua Ijumaa ya hivihivi, mbali na siku ya msiba, akampandisha kitini. Kwa Kihispania, alijiambia, nyumbani kwao nani atajua? Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Ujinga mtupu. Wimbo haukai shuleni; mtoto huubeba mpaka nyumbani, kama chawa.

Siku ya kumbukumbu ya marehemu ikafika. Ndugu walijaa sebuleni, wanawake wakilia mbele ya picha yake. Shangazi mmoja akamnong'oneza mtoto kwamba siku kama hiyo ndiyo aliyozaliwa. Mtoto akaburuta kiti, akapanda, akajiimbia peke yake kwa sauti yake yote.

Kesho yake bibi alikuja shuleni amemshika mjukuu mkono. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Ule wimbo ni wa nini?"

Mwalimu angeweza kusema ni wa rangi, au wa hesabu. Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza.

"Ni wa kumpongeza mtu kwa kuzaliwa. Nisamehe, mama."

"Nilikuomba jambo moja tu."

"Uliniomba. Nilimwonea huruma."

"Na mimi simwonei? Nimemlea tangu kitovu hakijadondoka! Namwogesha, namshonea, namlisha. Lakini kumshangilia kwa siku ile, hapana, hilo siliwezi. Hapa harudi tena."

Mtoto alikuwa akimtazama huyu, akimtazama yule. Alijua amekosa, ila hakujua kosa lenyewe ni lipi, akajaribu kulitengeneza.

"Bibi, nikiacha kuzaliwa, mama atarudi?"

Mwalimu Keki alingoja bibi amkemee mtoto, au amkumbatie, au aseme lolote. Bibi alifungua mdomo, akaufunga. Na usoni mwake mwalimu akasoma, kwa uchungu uliomkata maini, kwamba kama kumbadilisha mjukuu kwa marehemu kungewezekana, angembadilisha.

Mtoto naye alikuwa akiutazama uso huohuo.