Phelista Hakutaka Watu Watishwe

Mke wangu, Phelista Nakhumicha, alikuwa na mkahawa wa maziwa mjini Kitale, karibu na soko. Kwa miaka mingi watu walikuja pale kunywa mala, maziwa yaliyochachushwa, na kubishana naye kuhusu Mungu. Mala ilikuwa nzuri. Kuhusu Mungu, kila mtu aliondoka na maoni aliyokuja nayo, isipokuwa mimi ambaye sikuwa na mahali pa kuondoka kwenda. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mkahawa.

Alizaliwa Cheptais, akasoma hadi kidato cha nne, akaolewa nami, Wekoye, ambaye wakati huo nilikuwa karani wa ghala la mahindi Moi's Bridge. Tulipata binti mmoja, Fridah. Tulikuwa watu wa kanisa. Mimi nilifika hadi kuwa mzee wa kanisa, na Phelista aliongoza akina mama wa jikoni, kazi ambayo katika kanisa letu ina nguvu kuliko ya mzee.

Aliacha kanisa letu kwenye mazishi. Kulikuwa na kijana wa jirani aliyejitoa uhai, na familia yake ilimwomba Pasta Hiram, mchungaji wetu, aje angalau aombe. Pasta alikuja, akachukua maiki, akasema kwamba wakati tunaongea pale kijana alikuwa tayari anaungua. Mama wa kijana alikuwa ameketi mbele kabisa. Phelista akasimama kutoka upande wa jikoni, mwiko bado mkononi.

"Pasta, umemwona?"

"Nimemwona nani, Mama Fridah?"

"Huyo kijana. Akiungua."

"Neno ndilo linasema, mama."

"Mimi sijauliza Neno. Nimekuuliza wewe. Si umesema saa hii anaungua? Umemwona?"

Pasta alisema tuimbe. Tuliimba. Jumapili iliyofuata Phelista hakwenda kanisani, alibaki akiosha mikebe ya maziwa. Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Nimekosea mambo mengi kuhusu mke wangu, na hilo ni moja.

Mteja wake mmoja, mzee Kizito, afisa wa kilimo aliyestaafu, alikuwa na kikundi kidogo kilichokutana sebuleni kwake. Walijiita Wayunitaria. Kwa jinsi nilivyoelezwa, wanaamini Mungu ni mmoja bila kugawanywa, kwamba kila mtu atafute ukweli kwa akili aliyopewa, na kwamba Mungu mwenye upendo hawezi kumchoma mtu milele. Walikuwa saba. Walianza ibada kwa kuwasha mshumaa ndani ya bakuli, na kwa kuwa hawakuwa na bakuli la maana, walitumia sufuria. Hawakuwa na mchungaji, kwa hivyo walipiga kura kuhusu kila jambo, hata kama chai iwe na tangawizi. Phelista alikuwa wa nane, na tangawizi ikapita.

Nilimuuliza kama sasa amekuwa mpagani.

"Baba Fridah, si unanisikia nikiomba kila asubuhi?"

Ni kweli nilikuwa namsikia. Alikuwa akiomba kwa sauti, na mara nyingi alinitaja.

Watu wa Kitale watamkumbuka zaidi kwa siku ya mtungi wa gesi. Kijana alikamatwa sokoni akiwa na mtungi ambao haukuwa wake, na watu wakaanza kuokota mawe. Mmoja alikuwa tayari ameenda kutafuta tairi. Phelista alitoka mkahawani akapita katikati ya watu, na kwa kuwa kijana alikuwa amelala chini, akamkalia. Mke wangu alikuwa mwanamke mkubwa. Kijana alilia kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Mama, toka hapo! Huyo ni mwizi!"

"Najua ni mwizi. Nimemkalia asitoroke. Mmeita polisi?"

"Polisi wa nini, bana? Sisi tunammaliza hapa hapa."

"Basi nirushieni mimi kwanza. Wewe Gichuki, wewe hukunywa mala yangu asubuhi? Anza."

Gichuki aliangalia jiwe lake kama mtu aliyepewa na mtu mwingine amshikie. Polisi walichelewa, kama kawaida yao, na Phelista akaagiza mandazi, akala akiwa amekaa pale pale. Alimpa kijana nusu. Baadaye nyumbani aliniomba nifunge mlango kwa komeo, ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana. Lakini nilikuwa nimeshakaa."

Kijana alifungwa. Phelista alisema hiyo ndiyo haki, na kwamba yeye hakupinga jela, alipinga tairi. Wengine walisema anatetea wezi. Waliendelea kununua mala.

Figo zake zilianza kusumbua mwaka juzi. Alipoona kwamba hatapona, aliniambia jambo moja tu kuhusu mazishi yake. Hakujali jeneza wala nguo.

"Siku yangu, usikubali mtu asimame hapo kutisha watu na mimi. Watoto watakuwa hapo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umejibu kama mtu anayetaka nilale."

Nilikuwa nataka alale. Lakini pia nilikuwa naogopa. Mimi sikuwahi kuacha kanisa langu. Kila usiku nilipiga magoti nikamwomba Mungu amrudishe mke wangu, amsamehe, asimhesabu na waliopotea. Niliomba kwa kunong'ona asisikie. Ni vigumu kulala kando ya mtu unayempenda huku ukiamini kwamba huenda anaelekea motoni, na yeye anakuuliza kama umezima taa ya nje.

Siku aliyokufa nilikuwa naye hospitalini tangu asubuhi. Alilalamika kwamba uji hauna sukari. Kisha akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema nenda ukale. Nilikwenda, nikala chapati na maharagwe kwenye kibanda cha nje ya lango, na niliporudi walikuwa wamevuta pazia.

Kwa desturi yetu mke huzikwa nyumbani kwa mumewe, kwa hivyo tulimpeleka Bungoma, kwenye boma la baba yangu huko Chwele. Ndugu yangu mkubwa, Sifuna, ndiye kichwa cha boma hilo sasa. Na hapo lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwetu, kuzikwa na kanisa ni jambo kubwa. Kuna watu ambao hawapendi mahubiri, hawapendi kwaya, hawampendi mchungaji, na wamekaa kanisani miaka arobaini kwa sababu ya siku hiyo moja. Asiyezikwa na kanisa huzikwa haraka, bila sare, bila maiki, na wapita njia huuliza alikuwa amefanya nini.

Pasta Hiram alikuja kutoka Kitale siku moja kabla ya mazishi. Tuliketi chini ya hema lililokodishwa, yeye, Sifuna na mimi.

"Mzee Wekoye," Pasta akasema, "kanisa linakupenda. Tuko tayari kumzika mama. Kwaya imejipanga, vyombo viko kwenye gari. Lakini siwezi kusimama juu ya mtu aliyekataa kanisa nikamtangaza kwamba ameshinda. Nahitaji neno moja kutoka kwako. Mwishoni, alitubu?"

"Mwishoni alisema uji hauna sukari."

"Baada ya uji."

"Aliniuliza kama nimekula."

"Hakutaja jina la Bwana?"

"Hapo, hapana."

Sifuna akapiga goti lake kwa kiganja. "Wekoye! Unataka shemeji yangu azikwe kama mbwa? Katika boma ya baba? Watu wa Chwele wote wanakuja, ati wakute Kizito na sufuria!"

Pasta akainua mkono, akamtuliza. Si mtu mbaya. Alizungumza polepole.

"Ulikuwa unakula. Si ndiyo? Alikufa ukiwa nje. Sasa, mzee, unajua alichosema moyoni dakika hizo? Hujui. Hata yule mwizi msalabani alihitaji dakika moja tu. Sikuambii udanganye. Kesho simama, sema, 'Naamini mke wangu alirudi kwa Bwana.' Basi. Mimi nitafanya yanayobaki."

Nilisema nitafikiria. Sifuna akamjibu Pasta kwa niaba yangu: "Atasema."

Nilifikiria. Ilionekana jambo dogo. Haukuwa hata uongo, ulikuwa wasiwasi wangu umevalishwa koti. Mama mkwe wangu, ambaye ni mzee sana na anaogopa kama mimi, angepata usingizi. Lakini kila nilipojaribu kuisema sentensi ile moyoni nilikwama kwenye neno "alirudi". Alirudi kutoka wapi? Mwanamke huyu aliomba kila asubuhi. Hakuweka maji kwenye maziwa ya watu. Alimkalia mwizi asiuawe. Nikisema alirudi, nitakuwa nimewaambia watu wote wa Chwele kwamba wakati anafanya hayo alikuwa amepotea. Na nilijiuliza pia ni nani hasa nilitaka kumshawishi. Kama Mungu anaweza kubadilishwa mawazo na ushuhuda wa mtu aliyekuwa anakula maharagwe, basi tuna shida kubwa kuliko mazishi.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi. Kwaya iliimba vizuri, siwezi kukataa. Kisha Pasta Hiram akasema, "Sasa mzee wetu atatupa ushuhuda wa dakika za mwisho za mama," akanipa maiki. Fridah alikuwa kando ya jeneza akiniangalia.

"Mke wangu hakutubu nikiwepo," nikasema. "Na nilipokwenda kula, sijui. Lakini sioni alikuwa arudi kutoka wapi. Alimwomba Mungu kila siku tangu nimjue. Mimi naamini tofauti na yeye, na bado naogopa. Lakini aliniomba mtu asitishwe hapa kwa ajili yake, na mtoto yeyote aliye hapa asiogope. Ni hayo tu."

Mtu wa nyuma akasema, "Ameharibu." Pasta Hiram alichukua maiki taratibu, akafunga Biblia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umenifunga mikono, mzee." Kisha akamwashiria kijana wa mitambo kwa kidole, na vipaza sauti vikazimwa, kwa sababu vilikuwa vya kanisa. Walivipakia kwenye gari mbele yetu. Sifuna aliingia nyumbani kwake akafunga mlango. Kwaya ilibaki. Wali ulikuwa bado haujaiva.

Kizito akasimama. Ana sauti ndogo, na bila maiki hakuna aliyemsikia zaidi ya mstari wa pili, kwa hivyo watu walilazimika kuondoka kwenye viti wakasogea mpaka karibu kabisa na kaburi. Waliobaki nyuma waliuliza, "Amesema nini?" na wa mbele wakawapelekea. Aliweka mshumaa kwenye sufuria, upepo ukauzima. Akauwasha, ukazima. Mama mkwe wangu akainuka akafunua kanga yake akakinga upepo. Sikumtarajia yeye.

Kizito alisema hajui Phelista yuko wapi sasa, na yeyote anayejua amwambie baadaye wakiwa wawili. Alisema anachojua ni jinsi alivyoishi, na akataja mambo matatu au manne ambayo kila mtu pale aliyajua. Neno lilipofika nyuma, kuhusu yule mwizi, watu wa nyuma walicheka wakati wale wa mbele wakiwa tayari wananyamaza. Kisha tukamshusha. Kwaya, bila kuambiwa na mtu, iliimba wimbo mmoja, halafu ikaenda kula.

Nilisimamishwa uzee wa kanisa mwezi uliofuata. Barua ilikuwa ya heshima. Bado nakwenda kila Jumapili, naketi nyuma karibu na mlango, mahali ambapo hewa ni nzuri. Pasta hunisalimia kwa kichwa. Sifuna alianza kuongea nami tena wakati wa kupanda, kwa sababu alihitaji mbegu kutoka Kitale. Mkahawa naendesha mimi na msichana mmoja, na mala si mbaya, ingawa wateja wananiambia ukweli.

Woga haujaisha. Huja, hasa ninapofunga mlango wa mkahawa na nyumba iko kimya. Lakini bado nafanya maombi yangu, na nimegundua kwamba nimeacha kumwombea Phelista asamehewe. Sikuamua. Siku moja nilipiga magoti nikafika pale nilipozoea kuanza kumtetea, na sikupata la kutetea. Siku hizi nikifika hapo namwambia Mungu, "Huyo uko naye, unamjua mwenyewe." Kisha naomba mvua, kwa sababu mahindi ya Bungoma yanaihitaji, na baada ya hapo nalala.