Njia Zisizo na Magari, Sebuleni Kwangu Queensburgh

Mimi baiskeli sikufundishwa na mtu. Wanaojua Bugarama wanajua ninachosema: barabara inashuka kutoka mlimani mpaka Bujumbura, kona juu ya kona, na sisi tulikuwa tunaishuka na mikungu ya ndizi nyuma, mingi mpaka ukitazamwa kwa mbali huonekani wewe, zinaonekana ndizi zinakimbia zenyewe. Breki ilikuwa kiatu. Kurudi juu hatukukanyaga. Unangoja lori lipunguze mwendo kwenye kona, unalishika nyuma kwa mkono mmoja, linakuvuta mpaka kwenu. Wenzangu waliachia mapema kwa woga. Mimi sikuwahi kuachia. Ndiyo maana leo mtu aliyeishia darasa la nne nina saluni zangu hapa Durban, na nyumba Queensburgh yenye geti linalojifungua lenyewe, na nilianza kwa kulinda magari ya watu South Beach na jua la Desemba kichwani. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Na Jumamosi ile nilichanganyikiwa.

Binti yangu wa kwanza alikwenda Ufaransa kusoma, akapata kazi huko, akapata na mchumba, kijana wa Kifaransa mpole ambaye nilimwona kwenye simu tu. Nikamwambia binti, sina neno, lakini waje waombe. Wakaja kweli: kijana, mama yake, na baba yake, mwalimu mstaafu. Jumatatu walikuwa wanarudi kwao. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo au basi. Bila kuombwa, kwetu Warundi hakuna ndoa, na mchungaji wetu alishasema hatafungisha jambo ambalo wazee hawakulisikia kwa masikio yao.

Desturi yenyewe iko hivi. Upande wa kijana ndio unaoanza kusema, na hausemi moja kwa moja. Wanazunguka kwanza, habari za mvua, za safari, za ng'ombe aliyepotea, halafu wanafika kwenye kilichowaleta. Upande wa binti unangoja. Kumkatiza mgeni ni ufidhuli, na kumtangulia ni aibu kubwa zaidi, utaonekana una mtoto aliyekosa mnunuzi. Chakula hakitoki jikoni mpaka neno lisemwe na lijibiwe. Baba wa binti anakaa kimya kama picha ukutani. Anayemjibia ni msemaji. Msemaji wangu alikuwa fundi cherehani, Mrundi mwenzangu, mtu ambaye mdomo wake unajulikana kutoka mjini mpaka mtaa wa Bluff.

Viti vya kukodi vikajaa wazee wa kanisa. Msemaji akawakaribisha wageni kwa maneno matamu, akaketi, akaweka mikono magotini. Zamu ikawa ya Mfaransa.

Mzee Mfaransa akakohoa, akatoa tableti kwenye mkoba. Binti yangu akawa anatafsiri, maana Kifaransa changu ni cha sokoni na Kiswahili chake hakipo.

"Anasema amesikia Baba alikuwa mtu wa baiskeli. Na yeye ni mtu wa baiskeli. Anataka kuwaonyesha njia za kwao."

Msemaji akaniinamia. "Ameanza vizuri huyu. Amechagua njia. Wewe tulia."

Tukaona picha. Njia nyembamba ya changarawe nyeupe, miti huku na huku imeinamiana kama paa, shamba la maua ya njano, ng'ombe nyuma ya uzio. Picha ya pili, changarawe tena. Ya tatu, daraja la mawe, na juu yake changarawe.

"Anasema hii zamani ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita waling'oa vyuma, wakamwaga changarawe. Gari haliruhusiwi."

"Pikipiki?" mzee mmoja akauliza.

"Hata pikipiki."

"Eish," akasema yule mzee, akaegemea tena kiti chake taratibu.

Msemaji akajinyoosha. "Mwambie tumesikia. Njia nzuri ni ile inayofika kwenye nyumba ya watu."

Binti akatafsiri. Mfaransa akafurahi sana. "Anasema ndiyo kabisa, hii inafika kwenye kijiji kinachotengeneza jibini." Akaonyesha jibini.

Ikawa hivyo, picha kwa picha. Msemaji anatupa fumbo, Mfaransa analijibu kwa kijiji kingine. Na mimi kwenye picha zile natafuta mtu, simwoni. Hakuna kibanda, hakuna wa kuziba pancha, hakuna mama wa karanga. Nimeishi barabarani maisha yangu yote ya ujana na sijawahi kuona barabara isiyokuwa na mtu anayeuza kitu. Nikashindwa kukaa kama picha ukutani.

"Muulize nani anapita hapo."

"Watu wa baiskeli, Baba. Na wanaotembea kwa miguu."

"Wanakwenda wapi?"

"Anasema hawaendi mahali. Wanazunguka, wanarudi."

"Na mzigo?"

"Maji yao ya kunywa."

Msemaji akanikanyaga mguu. Nikanyamaza, lakini kichwa kilikuwa kinazunguka kuliko baiskeli zao. Serikali inafukuza magari ili mtu abebe maji, ayanywe njiani, arudi alikotoka. Nikamwangalia yule mzee vizuri: hana ujinga usoni, mikono yake ni ya mtu aliyefungua minyororo mingi ya baiskeli. Sikumwelewa.

Mke wangu akaniita mlangoni mwa jikoni. "Baba watoto, wali unakauka. Ameshasema?"

"Bado yuko kwenye reli."

"Reli gani tena?"

Binti akatufuata humo jikoni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Uliwaeleza desturi?"

"Niliwaeleza. Niliwaambia kwetu hakuna kuharakisha, waanze na mambo mengine kwanza."

"Na uliwaambia wamalize lini?"

Akatazama masufuria. Halafu akasema, "Nilidhani mtaona wenyewe, mtamwambia sasa inatosha. Na yeye anangoja hivyo hivyo. Ananiangalia kila picha."

"Sisi hatuwezi kusema."

"Najua, Baba. Na mimi siwezi kujiombea mwenyewe. Jumatatu wana ndege." Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akiwa karibu kulia na hataki ijulikane.

Tukarudi sebuleni. Mfaransa naye kwa jasho lake nikaona amechoka, picha zinamwishia. Akazungumza kirefu, akinitazama mimi.

"Anasema anakualika, Baba. Kiangazi kijacho. Utafikia nyumbani kwake, halafu wewe na yeye mtapanda baiskeli kijiji kwa kijiji."

Msemaji akavua miwani, akaifuta na tai yake. "Wazee wangu, mmesikia wenyewe. Tumekaa hapa tangu mchana tuombwe binti. Wameomba baba."

Nyumba nzima ikacheka. Mfaransa naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Binti yangu hakucheka, na hilo hakulitafsiri.

Nikaona uso wake. Mambo mengine mtu hayafikirii, anayasema tu.

"Mwambie nashukuru," nikasema. "Lakini kwetu mtu halali nyumbani kwa mtu hivi hivi. Muulize, nitalala kwake kama nani?"

Msemaji alinikanyaga tena, safari hii kwa kisigino. Binti akalitafsiri polepole. Mfaransa akafunga tableti. Akamtazama mke wake, akamtazama mwanawe, akasema maneno machache.

Tukangoja. Binti alikuwa bado anamtazama yule mzee.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anasema..." Akaishika ncha ya kitenge chake. "Kama baba wa mke wa mtoto wake. Anasema hilo ndilo lililomleta. Alikuwa anangoja mumruhusu."

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa msemaji. "Hiyo si kuomba. Hiyo ni kujibu swali."

"Amesema mke wa mtoto wake," akasema mzee mwingine. "Unataka akuimbie?"

"Aombe. Mdomo wake upo."

"Wewe kwa wakwe zako uliomba? Nilikuwepo. Ulitetemeka mpaka kaka yako akakusemea."

"Kaka yangu aliomba, lakini. Aliomba. Hapa aliyeuliza ni baba wa binti."

Walikuwa wanabishana hivyo mke wangu akatoka na sinia. Hakuna aliyemwita. Akapita katikati ya wazee, akaliweka mbele ya yule mama wa Kifaransa ambaye mchana kutwa hakuna aliyemsemesha, akasema, "Karibuni mezani, wakwe."

Msemaji akanigeukia. "Nani ameruhusu?"

Nikanawa mikono. Tukala.

Harusi itafungwa, mchungaji amekubali. Nikiulizwa kanisani kama binti yangu aliombwa, najibu ndiyo, kwa sauti kubwa, kama ninavyojibu mambo yangu yote. Halafu nikiwa peke yangu ndani ya gari, robot, yaani taa ya barabarani, imewaka nyekundu, narudia moyoni nani alitangulia kusema nini, nani alimwomba nani, na kabla sijafika mwisho, walio nyuma yangu wanaanza kupiga honi.